Kumlazimisha si kumzoesha
Wanaosema mtoto wa mbwa apakiwe tu garini kila siku mpaka azoee wanasahau kwamba kichefuchefu nacho hufundisha. Ni kweli, sehemu ya sikio la ndani inayosimamia usawa wa mwili huwa haijakomaa utotoni, na wengi huacha kutapika wanapokaribia mwaka mmoja. Lakini hofu haiishi sikio linapokomaa. Mbwa aliyeteseka safari baada ya safari huanza kutokwa udenda, kujilamba midomo na kupiga miayo hata kabla injini haijawashwa, na hapo mwendo hauna lawama tena. Ndiyo maana mazoezi yaanzie kwenye gari lililozimwa: apande, apewe kitu kitamu, ashuke, siku nyingine injini iwashwe bila kwenda popote. Safari ndefu zisubiri, na chakula kisitishwe saa chache kabla ya kuondoka. Wapo wanaoona dawa ni kumdekeza. Siafiki. Maropitanti, dawa anayoiandika daktari wa mifugo, huzuia ishara ya kutapika ndani ya ubongo, na safari isiyo na kichefuchefu ndiyo pekee inayoweza kumwonyesha kwamba gari halimdhuru. Vidonge vya binadamu, tafadhali, msimpe kwa kukisia.