Jembe Lisiwe Kiboko

Hakuna somo linalotukuzwa kwa maneno na kudunishwa kwa vitendo katika shule zetu kama kilimo. Darasani tunawaambia wanafunzi kwamba kilimo ndicho uti wa mgongo wa taifa. Kengele ya alasiri ikilia, aliyechelewa gwarideni anakabidhiwa jembe akang'oe visiki. Kati ya mafunzo hayo mawili, mtoto hulishika lile lililomtoa jasho, nalo linamwambia kuwa udongo ni mahali pa wakosaji.

Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakazia katazo hilo. Katika shule kadhaa ninazozifahamu, jembe ndilo lililorithi kiti chake. Kisha tunashangaa kuona kijana aliyemaliza shule akiona haya kushika mpini mbele ya wenzake.

Nayaandika haya nikiifikiria Ndara, nchi kavu iliyo karibu na Voi, ambako dharau hiyo ina gharama kubwa. Mvua za Voi ni takriban milimita 550 kwa mwaka, zikigawanyika kati ya masika na vuli, na mara nyingi zinakuja kwa kuchelewa na kuondoka kwa haraka. Bomba la maji ya Mzima limepita wilaya hizi tangu miaka ya 1950 likielekea Mombasa, huku kina mama wengi wa hapa wakiendelea kuhesabu mitungi. Mahindi yakinusurika jua, ndovu wa Tsavo huyafuata. Ndiyo sababu wakulima kadhaa wa Sagalla wameamua kutundika mizinga ya nyuki kandokando ya mashamba yao. Mtoto anayeyaona hayo nyumbani, kisha akalimishwa shuleni kwa kosa, atakuwa na sababu gani ya kuupenda udongo?

Pendekezo langu ni dogo. Tuanze na bustani ya viungo nyuma ya jiko: dania, pasili, mnanaa, mrehani, mchaichai na shina moja au mawili ya pilipili. Bustani hiyo haihitaji ekari. Inahitaji magunia mawili, makopo yaliyotobolewa chini, mbolea ya mbuzi iliyooza vizuri, na maji yaliyosuuzia mboga, ambayo kila siku tunayamwaga uani.

Hapa ndipo mwalimu anapopata somo la kweli. Dania anayoijua mwanafunzi kwa jina la giligilani huota kwa wiki moja au mbili, na mbegu zake ndizo zile zile zinazouzwa dukani kwa ajili ya pilau, mradi hazijakaangwa wala kusagwa. Zipasuliwe kidogo, zipandwe papo hapo zitakapokulia, kwa kuwa mche wa dania hauna subira ya kuhamishwa. Joto likizidi, dania hukimbilia kutoa maua. Kwa hiyo sharti ipandwe kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu. Pasili, nduguye wa ukoo mmoja na karoti, hutaka uvumilivu zaidi. Mbegu zake zilowekwe usiku kucha, na hata hivyo huenda zikachukua wiki tatu au nne kuchomoza. Kwa kuwa inapenda ubaridi, huku kwetu ikae penye kivuli cha mchana. Mnanaa ufungiwe koponi, kwani mizizi yake haijui mipaka. Mchaichai hugawanywa shinani, na ukishashika huvumilia kiu kuliko wote.

Isitoshe, mwanafunzi atajifunza kutilia shaka picha. Michoro mingi ya bustani huonyesha matuta yaliyoinuliwa, na ni sawa penye mvua nyingi, ambapo maji ya ziada hayana budi kutoroka. Katika Ndara maji hayana ruhusa ya kutoroka. Kitalu kichimbwe kiwe chini ya usawa wa ardhi, kifunikwe kwa nyasi kavu, na kipate kivuli cha mwarobaini. Mwanafunzi akipanda dania kwa njia zote mbili, akapima maji kwa kopo na kuandika matokeo kila Ijumaa, amefanya sayansi kamili bila maabara.

Najua atatokea msomaji wa kuniuliza: je, njaa inatibiwa kwa dania? La, hasha. Majani haya hayajazi tumbo, wala hayachukui nafasi ya mchicha, kunde na mnavu. Lakini hukipa ladha chakula kile kile cha kila siku, na huokoa sarafu zinazokwenda sokoni kununulia fungu lililosafirishwa kutoka vilima vya Wundanyi na kufika likiwa limenyauka. Haba na haba hujaza kibaba. Zaidi ya hayo, humpa mtoto jambo ambalo shamba la mahindi la Ndara humnyima miaka mingi: mavuno ya uhakika, aliyoyapanda kwa mkono wake, yakiliwa na jamaa yake kabla muhula haujaisha.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umetupa nafasi ya kufanya hivyo. Vyama vya 4-K navyo vilifufuliwa rasmi mwaka 2021. Hatari ni kwamba tutapanda kwa ajili ya picha. Miche inanunuliwa na mzazi Jumatatu, inapigwa picha Jumanne, inapewa alama Jumatano, na kufikia likizo imekauka. Mwalimu anayetaka ukweli asitoe alama siku ya kupanda. Angoje wiki ya nane, amtake mwanafunzi alete majani na daftari la maji.

Walimu wenzangu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwanza tuliondoe jembe katika orodha ya adhabu. Mkosaji na aandike, afagie, au aombe radhi, lakini asilimishwe. Pili, tumkabidhi kila mwanafunzi kopo moja la kulitunza. Nanyi wanafunzi, msingoje kuamriwa. Maji ya kusuuzia mboga ya leo jioni yatosha kuanzia.