Sura si mvuto: kosa nililoliandika kwenye programu

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, nataka tuzungumze mchezo. Kila Jumapili jioni huku Lucky Summer tunakutana watu watano nyumbani kwangu kucheza Dungeons & Dragons. Kwa asiyeujua, ni mchezo wa mezani wa kuigiza. Msimulizi anaeleza kisa, kila mchezaji ana mhusika wake, na jambo likiwa gumu tunarusha kete yenye pande 20.

Kila mhusika ana sifa sita zenye namba: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na karisma, yaani mvuto. Hii ya mwisho ina ubishi tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huu mwaka 1974. Katika vitabu vile vya kwanza karisma iliamua mhusika aweze kuajiri wafuasi wangapi. Iliamua pia kama mchawi wa kike akikuteka atakugeuza nguruwe au atakufanya mpenzi! Uongozi na sura vilipikwa chungu kimoja. Mwaka 1985 Gygax alijaribu kuvitenganisha: kitabu cha Unearthed Arcana kikaongeza sifa ya saba, ya uzuri wa sura. Haikudumu. Toleo la tatu la mwaka 2000 likauhesabu urembo ndani ya karisma.

Mimi nami niliandika programu ndogo ya kutunza wahusika wetu, nikaiweka "sura" kuwa namba ya kudumu, inayoongezwa au kupunguzwa kila mhusika anapofungua mdomo. Rafiki yetu mmoja ana mhusika aliyeungua uso, mwenye karisma 16, yaani nyongeza ya 3. Kumshawishi mlinzi wa lango alihitaji kufikisha 15, basi kete ianguke 12 au zaidi: nafasi 9 kati ya 20. Programu yangu ikamkata 2 kwa ajili ya uso. Zikabaki nafasi 7. Walipokutana tena ikamkata vilevile, ingawa alikuwa amemwokoa mtoto wa mlinzi huyo mtoni. Rafiki yetu akaniuliza, "Yaani hata nifanye nini, uso wangu utanitangulia?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu swali hilo nalijua. Nina rasta. Asubuhi nikitoka hapa mtaani watoto wananisalimu kwa furaha, na mama mboga ananikopesha sukuma wiki. Siku moja, upande wa pili wa jiji, askari wa jengo la ofisi alinizuia langoni: "Wewe, mzigo umemletea nani?" Nilikuwa nimekuja kuwasakinishia mfumo wa malipo. Nywele ni zilezile, kichwa ni kilekile. Namba ndiyo iliyobadilika, na aliyeibadilisha ni mwenye kutazama. Tukaongea mechi ya Gor Mahia dakika mbili, tukacheka, na tangu hapo ananiita "mkubwa". Huo ndio mvuto, na huo nilikuja nao mwenyewe.

Haya basi, hoja yangu ni hii: karisma ikae kwa mhusika, sura ikae kwa anayemtazama. Programu isiihifadhi sura kama namba ya mhusika. Iulize kwanza nani anamtazama nani. Na jibu liguse kete ya kwanza tu, wanapokutana. Baada ya hapo mhusika apimwe kwa ulimi wake na matendo yake.

Najua wapo watakaosema namba moja ni nyepesi kuhesabu. Kweli. Lakini mtazame manamba wa stejini: koti limechanika, sauti imekauka, na matatu inajaa. Sungura wa hadithi za bibi zetu alimshinda Fisi kwa maneno, na hakuna aliyetuambia kama alikuwa mzuri wa sura. Wahenga nao walituonya juu ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wao walishavitenganisha vitu hivi zamani. Mimi ndiye niliyeviunganisha, kwa mstari mmoja wa msimbo.

Mstari huo nimeufuta. Jumapili iliyopita rafiki yetu alimrudia mlinzi, kete ikaanguka 13. Lango likafunguliwa. Kwa hesabu yangu ya zamani lingebaki limefungwa.