"Hapa hapa tu" nayo ni safari

Wiki hii wengi wenu mmerudi kutoka mikoani. Watoto wamekula sikukuu kwa bibi, mabegi bado yana vumbi la njiani, na baada ya siku chache kuna safari nyingine ndefu ya kuwapeleka shule za bweni. Katikati hapo mna wiki moja hivi, joto la Dar es Salaam halivumiliki, na kila asubuhi mtoto anauliza: "Mama, leo tunaenda wapi?"

Jibu langu kama daktari ni kwamba nendeni karibu. Mwili uliokaa kwenye basi kutwa nzima kutoka Moshi au Bukoba unahitaji kutembea, kunywa maji na kulala vya kutosha kabla ya kupanda basi tena. Mtu akikaa zaidi ya saa nne bila kunyoosha miguu, damu huzunguka taratibu na uwezekano wa kuganda huongezeka. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla baada ya safari, usiseme ni uchovu. Wahi hospitali. Kwa wengine wote, matembezi ya ufukweni Coco Beach au Kigamboni, kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni jua likipungua, ni tiba nzuri.

Tatizo ni hayo maneno tunayoyasema tukitoka: "Tunaenda hapa hapa tu." Kwa safari ya mkoani tunachagua basi, tunafunga mikanda, tunabeba dawa, na kila kituo tunahesabu watoto. Kwa ufukweni tunavaa kandambili na kuondoka.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Mwaka juzi tulirudi kutoka Kilimanjaro, na kesho yake tukaenda baharini. Tulikuwa watu wazima watatu mkekani. Mimi nilidhani baba yao anamwangalia mdogo, yeye akadhani shangazi yao, shangazi akadhani mimi, maana mimi ndiye daktari. Kaka yake ndiye aliyeuliza, "Yuko wapi?" Tulimkuta maji yamemfika kidevuni, hatua chache kutoka tulipokaa, kimya kabisa. Alipona. Usiku ule sikulala.

Tumezoea kusema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa mtoto mdogo methali hiyo inatudanganya. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu pumzi ya kupigia kelele hana. Anazama ndani ya dakika chache, watu wazima wakiendelea na mazungumzo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla hamjatandika mkeka, mtajeni mlinzi kwa jina: "Baba Neema, robo saa hii ni yako." Aliye zamu hashiki simu wala hanywi bia, na zamu ikiisha anamkabidhi mwingine kwa maneno. Mtoto wa chini ya miaka mitano awe mahali mkono wako unapomfikia. Mpira wa kuelea usiufanye mlinzi. Waulizeni wavuvi kama maji yanajaa au yanapwa, na wapi pana mkondo. Na mkiwa nyumbani, ndoo na madumu ya maji ya akiba yafunikwe, maana mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji machache.

Ikitokea mtoto ametolewa majini, usimning'inize kichwa chini wala usimkamue tumbo. Kama hapumui, mlaze chali kwenye sehemu ngumu, inua kidevu chake, mpulizie pumzi tano. Asipozinduka, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, mpulizie pumzi mbili, kisha rudia bila kuacha huku mwingine akitafuta gari. Hata akizinduka, mpelekeni hospitali. Akianza kukohoa sana, kuhema kwa shida au kulegea, hiyo ni hatari.

Siwaambii haya ili mjifungie ndani. Watoto wetu wanahitaji mchanga, chumvi na jua la jioni, na sisi tunahitaji kuwaona wakicheka kabla shule haijawachukua. Nendeni. Ila mtoto akiuliza kesho, "Leo tunaenda wapi?", mjibu, kisha waulize watu wazima wenzako: leo nani anaanza zamu?