Tunafungwa na Mtandao, Si na Wapinzani

Sisi vijana wa Singida tunaocheza gemu za mtandaoni tumenung'unika vibarazani vya kutosha. Sasa tunasema hadharani. Ikifika saa mbili usiku, kuanzia Utemini hadi Mandewa, kuanzia Ikungi hadi Kiomboi, kilio ni kimoja: gemu inaganda. Uko kwenye eFootball, dakika ya 85, mko sare ya 1-1, mshambuliaji wako amebaki na kipa tu. Unabonyeza apige, anasimama kama sanamu. Picha ikirudi, mpira umo wavuni mwako. Kwenye PUBG Mobile na Free Fire ni yale yale: unamwona adui amesimama, unammiminia risasi, kumbe alishahama zamani na wewe ulishakufa. Ukikatika katikati ya mechi, unahesabiwa umeshindwa, na mpinzani anakuona mkimbiaji.

Ushauri tumepewa mwingi na wote tumeufuata. Tumezima programu zinazojisasisha zenyewe. Tumechagua seva ya karibu zaidi. Wenye ruta wameacha waifai wakavuta waya. Wengine wetu tunaamka saa kumi alfajiri ili tucheze, na kweli saa hiyo gemu inateleza. Hapo ndipo tulipopata ushahidi. Simu ni ile ile, laini ni ile ile, chumba ni kile kile. Kilichobadilika ni wingi wa watu wanaogombania mnara mmoja. Basi asituambie mtu tena kwamba tukanunue simu mpya.

Tunaambiwa pia kwamba Singida ni mbali. Tupige hesabu. Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri takribani kilomita 200 kwa kila milisekunde moja. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 700 kwa barabara, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama milisekunde 7. Kupepesa jicho tu huchukua zaidi ya 100. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009 na umefika mkoani kwetu. Waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka huo huo, EASSy ukafuata mwaka 2010. Sasa hizi pingi (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) za milisekunde 300 na 400 tunazoziona jioni, tena zinazopanda na kushuka kila sekunde, zinatoka wapi?

Sehemu ya umbali tunaikubali. Ukicheza kwenye seva ya Ulaya, safari kupitia Bahari ya Shamu inazidi kilomita 7,000, na milisekunde 70 za kwenda na kurudi hakuna fundi wa kuziondoa. Hizo tunazibeba. Tunachokataa ni zile zinazoongezwa hapa hapa nchi kavu: mnara ulioelemewa, kiungo chembamba kati ya mnara na mnara, na umeme ukikatika, betri ya mnara inakata roho na 4G inageuka herufi E juu ya kioo.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini, Tanzania na majirani zake walionja mtandao unaozunguka tu bila kufungua kitu. Waliokasirika siku zile wajue kwamba kuna wilaya ambako hali inayofanana na hiyo inarudi kila jioni bila waya wowote kukatika.

Na tunalipia. Bando tunauziwa kwa GB na kwa maneno ya kasi, lakini gemu haili GB nyingi. Inataka kila pakiti ya data ifike kwa wakati na isipotee njiani. Kasi ni upana wa barabara, pingi ni muda wa safari. Barabara pana yenye foleni haimwahishi mtu. Mtandao ukisumbua saa tatu nzima, bando la siku linaendelea kuhesabu, na saa hizo harudishiwi mtu.

Wazazi wetu watasema haya ni mambo ya michezo. Shikamooni, lakini tusikilizeni. Uchelewaji huo huo ndio unaomtoa mwanafunzi wa chuo kwenye kipindi cha mtandaoni. Ndio unaokata simu ya video ya mfanyabiashara anayemwonyesha mnunuzi magunia yake ya alizeti. Filamu inaweza kujipakua mbele ikakusubiri. Gemu haiwezi, ndiyo maana inaumia ya kwanza. Mahali gemu inapokwenda vizuri, masomo na biashara navyo hupata nafuu.

Madai yetu yanatekelezeka. Kampuni za simu ziongeze uwezo wa minara iliyoelemewa na kuifikishia faiba, na zirudishe muda wa bando pale huduma inapokufa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hupima ubora wa huduma. Tunaomba itangaze pingi na pakiti zinazopotea kwa kila wilaya, zilizopimwa saa mbili usiku na si saa nne asubuhi. Wenye gemu nao waweke seva Dar es Salaam au Nairobi, maana wachezaji wapo.

Nawe uliyegandiwa na gemu jana usiku, usiishie kutupa simu kitandani. Andika tarehe, saa, mtaa na pingi uliyoiona, kisha peleka malalamiko kwa kampuni yako na udai namba ya kumbukumbu. Mmoja akilalamika ataambiwa azime simu na kuiwasha. Mia moja wenye tarehe na saa zile zile, mnara wao utakaguliwa.