Nondo za dirisha zikionekana zimepinda

Bibi yangu wa Kibosho alianza kututambua kwa sauti. Ukisimama mbele yake anasifia kanga uliyovaa, lakini uso wako hauoni. Nyumbani tukasema ni mtoto wa jicho, tusubiri akomae. Tukasubiri msimu mzima wa kahawa.

Hakuwa mtoto wa jicho. Huyo ni ukungu kwenye lenzi, sehemu ya mbele, na huondolewa kwa upasuaji (hayo ya kusubiri akomae yamepitwa na wakati). Tatizo la bibi lilikuwa nyuma, kwenye retina, utando mwembamba unaopokea picha. Katikati yake kuna eneo la kama milimita 5 tu, linaitwa makula. Ndilo tunalosomea, tunalochagulia mchele na kutambulia nyuso.

Chini ya makula kuna tabaka la seli zinazolisha seli za kuonea na kuondoa uchafu wake. Umri ukisogea, usafi huo hulegea, uchafu unarundikana kuwa madoa ya njano. Wengi huishia hapo. Kwa wengine seli hufa taratibu kwa miaka. Hiyo ni aina kavu. Aina ya majimaji ndiyo ya haraka: mishipa dhaifu ya damu huchipuka chini ya retina, huvuja na kuiinua, kama rangi ya ukuta inavyovimba kwa unyevu. Hapo mistari iliyonyooka huonekana imepinda. Ikiachwa, linabaki kovu.

Msidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti wa Nakuru, Kenya, wa 2007 na 2008 ulikuta dalili za mwanzo kwa takriban mtu 1 kati ya 9 wenye miaka 50 na zaidi. Sigara huongeza hatari.

Aina ya majimaji ina sindano, ndiyo, ndani ya jicho, baada ya ganzi. Hurudiwa mara nyingi. Huzuia uvujaji, lakini kovu haiondoi.

Mzee wako afunike jicho moja atazame nondo za dirisha, kisha jicho la pili. Kama anavaa miwani, asiivue. Akiona zimepinda, au doa katikati, mpelekeni kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo. Hapa Moshi ipo idara ya macho ya KCMC. Asiende peke yake, maana dawa ya kupanua mboni humtia ukungu kwa saa kadhaa.

Jicho la kulia la bibi lina kovu. La kushoto tunalipima kila Jumapili, kwenye dirisha la jikoni.