Lugha ya Kutunga na Kikerewe cha Bibi

“Unatungaje lugha ya watu wasiokuwepo, na Kikerewe cha bibi yako kinakufa?” Mwalimu mmoja aliniuliza hivyo mbele ya darasa la uzamili, wenzangu wakacheka. Nilikuwa nimewaeleza kwamba riwaya yangu ina kisiwa kisichokuwepo katika ziwa lolote, na wavuvi wake wana lugha yao. Siku ile nilinyamaza. Leo najibu.

Lugha ya namna hii haitungwi kwa kubahatisha sauti. Tolkien alianza na lugha, visa vikafuata. Quenya yake imechota kwa Kifini. Kidothraki cha Game of Thrones, kazi ya David J. Peterson, kimechota sehemu mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Kisima ni chetu, ndoo ni za wengine.

Tena wapo wasiojisumbua hata kuchota. Mwaka 1983, katika filamu ya Return of the Jedi, kiumbe wa sayari ya mbali aitwaye Nien Nunb anazungumza Kikuyu, kwa sauti ya mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich. Mkikuyu anaelewa maneno. Wengine wote wanasikia mlio wa kiumbe wa angani. Tusipotunga dunia zetu wenyewe, lugha zetu zitabaki kuwa milio katika dunia za wenzetu.

Na Kikerewe? Mimi nimekulia Mwanza mjini, kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye wakati uliopita wa lugha yangu ya kutunga, kichwani nilikuwa na “-li-” peke yake. Nikapanda meli hadi Nansio, nikamwomba bibi anisimulie alichopika leo, alichopika jana, na alichopika zamani akiwa msichana. Kitenzi kikabadilika mara tatu. Miaka yote nimemwamkia bibi huyo kwa Kiswahili, na sikuwahi kulisikia jambo hilo. Daftari langu sasa lina kurasa arobaini za Kikerewe chake.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe. Machozi ya wanaoililia lugha hayakumsaidia.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, nami nikuulize kwa heshima: wewe unayekililia Kikerewe, mara ya mwisho ulikaa jikoni kwa nani ukakisikiliza?