Vijana, Msiipambe Nyumba kwa Deni

Ndugu zangu mnaoanza maisha katika chumba kimoja cha kupanga, iwe Magomeni, Likoni au Ng'ambo, nina neno nanyi. Mwaka niliooa nilichukua seti ya makochi kwa malipo ya kila mwezi. Yalijaza chumba hata mlango ukawa hauwezi kufunguka wote, na mke wangu akawa anakaa ukingoni mwa kitanda kwa kukosa pa kukanyaga. Tulilipa miezi kumi na minane. Kabla ya lipo la mwisho sponji ilikuwa imekwisha kulala na kitambaa kimechanika mikononi. Yale makochi sikuyanunua kwa ajili yetu sisi wawili. Niliyanunua kwa ajili ya macho ya wageni, nao walikuja mara nne tu mwaka mzima.

Tumejiaminisha kwamba chumba kidogo ni aibu, na kwamba aibu hiyo husitiriwa kwa wingi wa vyombo. Si kweli, na ushahidi tunao wenyewe. Tazameni nyumba za mawe za Lamu, zile za wafanyabiashara wa karne ya 18. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila kupinda. Kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wake futi tisa au kumi hivi. Ndiyo kusema tajiri wa Lamu, mwenye majahazi na mashamba, aliishi katika upana uleule wa chumba chako cha kumi kwa kumi!

Naye hakukijaza. Alipaka kuta lipu nyeupe ya chokaa ili nuru kidogo itokayo uani ifike hadi ndani kabisa. Katika ukuta wa chumba cha ndani alichonga zidaka, safu juu ya safu, akaweka humo sahani na mabakuli ya Uchina. Jicho likifika ukutani halikomi. Huingia ndani ya vile vishimo, na chumba kikaonekana kina kina. Sakafu ikabaki na mkeka. Mapambo yalikaa ukutani, watu wakabakiwa na nafasi yao. Hekima hii haihitaji majahazi.

Basi anzeni na ukuta. Chokaa ni katika rangi nafuu kabisa madukani. Ikorogeni na maji, ilale usiku kucha, tieni konzi ya chumvi ili ishike, mpake mara mbili. Mwenye nyumba aombwe ruhusa kwanza, maana ukuta ni wake. Lakini ile rangi ya mafuta iliyokoza, ya kijani au bluu, humeza mwanga, na chumba kilichomezwa mwanga hakipambiki hata kwa fedha.

Zidaka hamwezi kuchonga katika ukuta wa matofali ya kupanga. Nendeni kwa seremala mkaombe mabaki ya mbao, mtengeneze rafu nyembamba juu ya usawa wa kichwa, izunguke kuta mbili. Hapo vitapanda vitabu, vyungu, vikombe vya harusi, na kila kinachorandaranda sakafuni. Kama picha inahitajika, kumbukeni kwamba Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli. Sanaa iliyokuja kupewa jina lake ilianzia kwenye vitu vya bei ya chini. Mchoro mmoja mdogo wa mkono wa fundi una uhai kuliko bango la maporomoko ya maji ya nchi tusiyoijua.

Dirishani mtundike kanga badala ya pazia zito la mahameli. Pazia zito hunasa vumbi na kuziba upepo, na sisi wa pwani tunauhitaji upepo kuliko chochote. Doti moja ikikatwa hutoa mapazia mawili, pindo likiwa kote kote na jina likisomeka chini. Chagueni jina mnaloweza kuishi nalo kila asubuhi! Na taa, hasa balbu hizi za sasa zisizochoma, mnaweza kuivika kawa la ukili lililotobolewa utosini. Lile lile la kufunikia chakula. Nuru hupenya katika misuko, na ukuta mweupe huipokea.

Mkeka nauombea zaidi ya vyote. Msikimbilie zulia la nyuzi za plastiki, ambalo likilowa linanuka. Mkeka wa ukindu hufagiwa, hukunjwa, huanikwa kivulini, na fedha yake huingia mikononi mwa mama aliyeuchambua, akautia rangi, akausuka ukili na kuushona. Ukitaka uwe na zambarau zaidi, mwambie mwenyewe. Duka gani la zulia litakusikiliza hivyo?

Jumamosi hii toeni vyombo vyote uani, kimoja kimoja. Mkirudisha, rudisheni kile tu mlichokitumia tangu mwezi mwandamo uliopita. Kopo tupu la maziwa litobolewe chini, litiwe udongo, likae dirishani. Mbegu za mrehani jirani hatauza. Ombeni leo, mpande kabla ya jua kuchwa.